Irente kwa Miguu, Peke Yako, Masika Yakiwa Yameshika

Uamuzi mkubwa wa safari hii hufanywa jioni ya kuamkia siku yenyewe, ukiwa mkavu, umeshiba, na chai iko mezani. Amua saa utakayogeuza, iandike kwenye karatasi, itie mfukoni. Watu wanapotembea kundi, mmoja hulalamika miguu, mwingine huogopa wingu, wa tatu hukumbuka basi, na ubishi wao ndio breki yao. Wewe huna wa kubishana naye. Na mtu aliyebakiza robo saa kufika ukingoni, jasho likimtoka, huwa wakili hodari sana wa tamaa yake mwenyewe. Saa iliyoandikwa jana haisikilizi mawakili.

Kwa njia ya Irente wakati wa masika, saa ninayoipendekeza ni nane mchana. Ikigonga nane, popote ulipo, uso uelekee Lushoto, hata kama ukungu ndiyo kwanza unaanza kufunguka.

Irente iko kilomita 5 hadi 6 kutoka Lushoto mjini, mahali ambapo Usambara ya Magharibi inakatika ghafla. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukifika ukingoni ardhi inashuka kiasi cha mita 1,000 hadi tambarare ya Mazinde na Mombo, penye mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na nyika ya Wamasai inayoendelea hadi macho yachoke. Ukisimama pale utaelewa kwa nini Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, katika karne ya 19 aliweka makao yake Mazinde na kuiacha Vuga, mji wa wafalme wa ukoo wa Kilindi, huko juu milimani. Misafara ya biashara ilipita chini, na bunduki zilikuja na misafara. Mzee Kimweri alitawala kutoka juu. Mwanawe alisoma ramani upya.

Wageni wengi huja Lushoto kati ya Juni na Oktoba, njia ikiwa kavu. Mimi ni mtu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu ya hewa. Kiangazi, vumbi na moshi wa nyika huziba tambarare, unaishia kuona weupe tu. Mvua ikishaosha anga na jua likatoka, utahesabu mistari ya mkonge kutoka juu. Halafu kuna nafasi: vyumba viko wazi, bei inazungumzika, na mwenye nyumba ana muda wa kukaa nawe akueleze njia. Unachotoa ili upate hayo ni tope, ukungu, radi na vijito. Mandhari nitaigusa kidogo tu, maana itajieleza yenyewe. Hayo manne ndiyo yanayohitaji maneno.

Jioni ya kuamkia

Fika Lushoto mchana. Barabara ya Mombo kupanda hadi mjini ni kama kilomita 33 za lami yenye kona zisizokwisha, ikifuata bonde la mto kupitia Soni, na masika mawe na udongo huweza kuteremka barabarani. Basi la kutoka Dar linalochelewa Segera litakufikisha Mombo gizani. Likikufikisha gizani, lala Mombo, panda asubuhi. Joto la Mombo litakukera usiku kucha, lakini utakuwa hai wa kulilalamikia.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wana viwango vitatu vya kuonya: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Angalizo likitajwa kwa Mkoa wa Tanga, fupisha safari uishie shambani Irente. Tahadhari ikitajwa, geuza siku hiyo kuwa ya sokoni na makande. Ila utabiri wa kesho ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mvua iliyokwisha kunyesha. Ulizia imenyesha siku ngapi mfululizo. Mlima hubeba maji ya juzi na ya jana, na mvua ndogo ya leo inaweza kuwa ndiyo inayouzidi. Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ilimeguka, tope na magogo yakateremka hadi Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wengi wao hawakuwa wakipanda mlima wala kutalii. Walikuwa nyumbani kwao. Kwa hiyo zikiwa zimepita siku tatu za mvua isiyokatika, usipite chini ya mteremko mkali uliokatwa, na hapo sitazamii ubishi.

Kisha mwachie mtu ratiba. Mwenye nyumba ya wageni anafaa kuliko ndugu yako aliye Dar, kwa sababu yeye anawajua watu wa njiani. Mwambie unapokwenda, utakaporudi, rangi ya koti lako, na saa ambayo asipokuona aanze kuuliza. Taja saa kamili: kumi na mbili jioni. Usimwachie neno la jumla kama "nitarudi jioni", maana jioni ya mtu mmoja ni usiku wa mwingine. Wewe mwenyewe weka kwenye simu namba ya polisi, 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, pamoja na ya mwenye nyumba. Ziandike pia kwenye ile karatasi ya saa nane, kwa penseli, kwani wino wa kalamu ukilowa huenea.

Vya kuvaa na kubeba

Suruali ya jinzi iache chumbani. Pamba ikilowa hukaa na maji, nayo maji hukaa na baridi. Kutoka Mombo hadi Irente hewa inapungua joto nyuzi sita au saba kwa sababu ya mwinuko peke yake. Ongeza upepo wa ukingoni na shati lililolowa, na mtu wa Dar ataanza kutetemeka saa ambayo Msambaa anafungua kifungo. Ukijiona unatetemeka, vidole vinakataa kufunga kamba, na maneno yanakutoka kwa shida, mwili unapoa kupita kiasi. Hapo acha kila kitu, ingia kwenye nyumba ya kwanza utakayoiona, omba moto. Hakuna mtu wa milima hii atakayekuuliza sababu.

Vaa polista nyepesi ndani, sweta juu yake, na koti la mvua la kweli lenye kofia. Mwavuli ni mzuri mjini. Ukingoni upepo unapanda kutoka chini, na mwavuli utageuka kikapu. Sweta ya pili ikae ndani ya begi, kwenye mfuko usiopitisha maji, na isitoke hadi usimame. Wenzetu wengi huvaa kila walichonacho tangu mlangoni, hulowa jasho ndani kabla mvua haijawalowesha nje.

Viatu ndiyo habari ndefu. Mabuti ya mvua, yale magambuti ya mashambani, ni mazuri kwa tope la chini na mabaya kwa mteremko: kisigino kinacheza ndani, vidole vinagonga mbele, na maji yakiingia hayatoki. Raba za mjini zenye soli laini ni hatari tupu. Viatu vya kupandia mlima vyenye meno makubwa ni bora kama unavyo. Kama huna, tazama vijana wa mashambani wanavaa nini mvua ikinyesha: njumu. Zile njumu za plastiki, zenye meno chini, za bei ndogo, zinashika udongo wa Usambara kuliko kiatu chochote cha gharama kilichotengenezwa kwa ajili ya mawe. Soksi nene ndani yake, na soksi kavu nyingine begini. Hazivutii kwenye picha, nakubali.

Kata fimbo. Afadhali, nunua au azima iliyokwisha katwa, usijifanye mtema msitu. Iwe inafika kifuani, maana unapoteremka unaitanguliza chini yako, na fupi haitafika.

Vingine: tochi ya kichwani, pawabenki, filimbi, maji lita moja na nusu, mkate, bendeji, dawa ya kidonda, na pesa taslimu za noti ndogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo simu itie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Ni kinga nzuri kuliko mfuko, na ukianguka hubeba kishindo.

Kuondoka

Lushoto mwezi Aprili jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Ondoka saa moja. Wapandao theluji kwenye milima ya Alps majira ya kuchipua huanza kabla ya alfajiri, wakati theluji bado ngumu, ili wawe wameshashuka kabla jua halijailainisha na kuifanya iporomoke. Wapandao Kilimanjaro huanza kilele usiku wa manane kwa hesabu inayofanana na hiyo. Sisi wa tope hatuna theluji, lakini hesabu ni ileile: safari ya mlimani hupangwa kuanzia mwisho wake. Kutoka saa kumi na mbili jioni unatoa saa mbili za kurudi, unatoa saa moja ya kuanguka na kuinuka, unatoa saa nyingine ya kusubiri mvua ipungue kwenye baraza la mtu. Utajikuta kwenye saa nane niliyoitaja.

Toka mjini ufuate barabara ya udongo ya Yoghoi. Kiangazi ni mwendo wa saa moja na nusu hivi hadi ukingoni. Masika weka mbili na zaidi. Utapita mashamba ya mahindi na maharage, migomba, vitalu vya kabichi na karoti, miti ya grevilea na mikaratusi. Utakutana na watu mfululizo. Hii ndiyo tofauti kubwa ya Usambara na milima mingine: unatembea peke yako lakini huko si porini. Mlima huu umejaa watu, na watu hao ndio kipimo chako bora cha hali ya njia.

Kabla hujauliza, tazama miguu yao. Anayekuja kutoka uendako amebeba habari kwenye viatu. Tope likiishia kwenye soli, njia ni nzuri. Likifika kifundo, utachelewa nusu saa. Likifika magotini, na lina rangi tofauti na la hapo uliposimama, kuna sehemu amevuka kwenye maji au ameteleza, na hapo ndipo pa kuuliza. Uliza kwa adabu na kwa swali lenye jibu. "Shikamoo bibi. Huko utokako, kijito kinavukika?" Ukimuuliza "Njia ni nzuri?" atakujibu ni nzuri, kwa sababu yeye anapita kila siku na ndoo kichwani, tena hapendi kumvunja moyo mgeni. Muulize pia: "Wewe ungepita saa hizi?" Akisita kabla ya kujibu, kusita ndiko jibu.

Watoto watakufuata wakitaka kalamu au pesa. Salimiana nao, cheka nao, usigawe chochote njiani. Vijana watajitolea kukuongoza. Kwa njia ya barabara hadi Irente humhitaji kiongozi, mwambie hivyo bila ukali. Ukimhitaji kwa njia nyingine, mchukue mjini kwenye ofisi yenye kitambulisho na risiti, mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza. Wanawake wanaotembea peke yao wazingatie hili zaidi: baki kwenye njia yenye watu, na usimwambie mtu wa njiani kwamba uko peke yako. Sema wenzako wako mbele. Ni uongo mdogo.

Udongo

Udongo wa huku ni mwekundu, wa mfinyanzi, na miguu ya vizazi imeusugua hadi ukawa laini. Hatari yake kubwa iko kwenye manyunyu ya kwanza, wakati maji yamelowesha utando wa juu tu na chini bado ni pagumu. Hapo njia ni kama sakafu iliyopakwa sabuni. Ikishanyesha sana, mguu unazama kidogo na kushika. Kwa hiyo manyunyu yakianza, ujasiri upungue papo hapo, hata kama hujalowa bado.

Kupanda si tatizo, ukianguka unaanguka kwa mikono. Kuteremka ndiko kunakovunja watu. Geuka ubavu, hatua fupi, magoti yamekunjwa, unyayo mzima utue kwa pamoja. Fimbo itangulie, ishike, ndipo mguu ufuate. Usiegemee nyuma kwa woga, kwa sababu uzito ukienda kisiginoni miguu inakutangulia. Tafuta ukingo wa njia wenye nyasi, jiwe lililozama, mzizi wenye gome la kukwaruza. Mzizi uliochubuka gome, laini na mweupe, ukanyagie mbali. Majani makavu ya mikaratusi juu ya tope ni mtego. Ukianza kuteleza, kaa. Keti kitako makusudi kabla udongo haujakuketisha. Suruali inafuliwa.

Nyasi za ukingoni nimekupa ruhusa. Matuta ya watu sijakupa. Zile kinga za nyasi na ngazi za udongo zinazozuia shamba lisiondoke na mvua zina historia nzito. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta, wakianzia bonde la Mlalo, na watu wakapinga kazi hiyo ya shuruti hadi mpango ukaachwa miaka ya 1950. Kuanzia miaka ya 1980 mradi wa SECAP uliofadhiliwa na Wajerumani ulirudi na nyasi za malisho na miti, safari hii kwa maelewano zaidi. Ukikanyaga ukingo wa tuta siku ya mvua unafungua mlango wa maji, na kesho mwenye shamba ataamkia korongo. Zunguka.

Vijito vidogo vya njia hii kwa kawaida unavivuka bila kufikiri. Masika vifikirie. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa na yamebeba majani mabichi na vijiti, huko juu kumenyesha, hata kama kwako kuna jua. Aprili 2012 vijana 7 walifariki kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, baada ya maji ya mvua kuwashukia ghafla kwenye njia nyembamba. Kwa mtu aliye peke yake kanuni yangu ni kali: maji ya kasi yakipita nusu ya muundi wa mguu, sivuki. Mwenye wenzake huvuka hadi gotini wakishikana. Kijito cha mlimani hujaa upesi na hupungua upesi. Keti, kula mkate, weka kijiti ukingoni mwa maji uone kama yanapanda au yanashuka. Ukilazimika kuvuka, legeza mikanda ya begi ili ukianguka ulivue, na uso uelekee maji yanakotoka.

Dalili za mteremko unaotaka kuondoka zijue: ufa mpya juu ya njia, miti iliyoinama upande mmoja, chemchemi iliyokuwa safi ikatoka tope, vijiwe vinavyodondoka bila mtu kuvigusa. Ukiziona usisimame kupiga picha. Ondoka kwa ubavu, usikimbilie chini.

Ukingoni

Shamba la Irente liko kabla hujafika ukingoni. Ni mali ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na jina lake limeenea kwa jibini, mikate ya ngano na rai, na jemu. Agiza chakula ukipita asubuhi, ule ukirudi. Nasema ukirudi kwa makusudi: aliyeshiba jibini na mkate mzito hataki kuondoka, na baraza la pale limeua safari nyingi za ukingoni. Hapo pia ndipo pa kuamua. Mvua ikiwa imeshika, hapo shambani ndipo mwisho wa safari yako, na bado utakuwa umetembea, umekula vizuri, na umeiona Irente.

Kuna kiingilio kidogo cha eneo la mandhari, ndiyo kazi ya zile noti ndogo. Ukifika ukiwa ndani ya ukungu, usisogelee ukingo kuutafuta. Miamba ya pale ikilowa huteleza, na ukungu huondoa hisia ya umbali. Keti nyuma, vaa sweta ya pili, subiri. Tambarare ikipata joto hewa hupanda kufuata genge, na ukungu huanza kusogea, kuchanika, kufunga tena. Mara nyingi dirisha hufunguka kati ya saa nne na saa sita. Likifunguka utaliona mara moja, Mazinde iko pale chini ya vidole vyako. Likikataa, karatasi iko mfukoni.

Radi haina subira hiyo. Ukiona mmweko hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikiwa pungufu ya 30, ondoka kwenye mwamba wazi bila kujadili. Usijifiche chini ya mti mmoja mrefu. Rudi kwenye nyumba, au bondeni penye miti mifupi ya kulingana, na ukae nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Utaona njia za miguu zinazoteremka kwenda Mazinde, na utawaona wenyeji wakizitumia na mizigo. Usiwafuate ukiwa peke yako masika. Ni mita elfu moja za kuteremka kwenye udongo uleule niliokueleza, kurudi kwake ni kupanda, na ukivunjika katikati uko mbali na barabara ya juu na ya chini pia. Kiangazi, ukiwa na mwenyeji, ni safari tamu. Vivyo hivyo Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia wa Magamba, ng'ambo ya mji, wenye mbega na miti mikubwa ya mkulo: uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, pitia ofisini kwao na uende na kiongozi. Msituni giza huingia mapema, simu hukatika, na nyoka wa mitini hawaonekani hadi umeshika tawi lao.

Siafu hutembea sana wakati wa mvua. Ingiza suruali ndani ya soksi, na utazame chini kabla ya kuketi popote.

Ukiumia

Usikimbilie kusimama. Keti, vaa kila kikavu ulichonacho, kunywa maji, tazama mguu. Mtandao wa simu huwa mzuri zaidi kwenye migongo inayotazama tambarare, hafifu kwenye mabonde ya nyuma. Kama unaweza kujivuta hadi mahali pa wazi, jivute, ndipo upige. Simu ikigoma, piga filimbi. Filimbi isipojibiwa, piga yowe. Yowe huku halipuuzwi. Anayelisikia shambani huacha jembe. Watakuja watu, watajua njia ya kukubeba hadi pikipiki inapofika, na Hospitali ya Wilaya iko mjini Lushoto. Nauli ya bodaboda na ya waliokubeba usiisahau ukishatibiwa.

Kurudi

Ajali nyingi za milimani hutokea wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka na akili imeshafika nyumbani. Njia ya Irente ina vishuko vyake vikali kurudi mjini, na vitakuwa vimekanyagwa na watu wa siku nzima. Nyoosha viungo kabla ya kuondoka shambani. Kula kitu kitamu. Ukikuta bodaboda anakuita ukiwa umechoka na mvua inanyesha, fikiri mara mbili: pikipiki kwenye udongo huu ni hatari kuliko miguu yako, hasa mkiwa wawili na begi. Kukiwa kukavu, panda bila aibu.

Ukifika, mwone kwanza mwenye nyumba akufute kwenye hesabu yake. Kisha viatu. Vioshe tope lingali bichi, toa soli za ndani, jaza magazeti makavu na uyabadilishe kabla ya kulala. Usiviweke kando ya jiko la mkaa, kwani gundi huachia na ngozi hukakamaa. Na jiko lenyewe, hata kama chumba kina baridi na mwenyeji kwa wema wake amekuletea, lisilale ndani mlango ukiwa umefungwa. Hewa ya mkaa haina harufu na huua waliolala. Ota moto barazani, likizimika lirudishe jikoni, omba blanketi la pili.